Nukta Aliyoiona Baba

Baba aliinuka kitini, akaisogelea televisheni, akaweka ncha ya kidole juu ya kioo mahali ambapo mimi niliona tu mchanga na anga vilivyofifia hadi kuwa rangi moja. "Hapo," alisema. "Anakuja." Nilikitazama kidole, nikakitazama kioo, nisione mtu. Baada ya sekunde kadhaa likajitokeza doa jeusi lenye kutetemeka, ambalo lingeweza kuwa mpanda ngamia au kasoro ya kanda, na baba akarudi kuketi huku akitikisa kichwa. "Siyo hii, mwanangu. Yule mtu alianzia mbali zaidi."

Filamu ilikuwa Lawrence of Arabia, iliyotolewa mwaka 1962 na kuongozwa na David Lean. Baba aliiona ujanani katika ukumbi mkubwa wa sinema, akaibeba kichwani kwa miongo kadhaa kama mtu abebavyo kumbukumbu ya safari. Mimi nilikuwa nimeiazima katika kanda mbili za video ili kumfurahisha. Nilipomsikia akilalamika, niliamua moyoni kwamba kumbukumbu yake ndiyo iliyoikuza filamu, kama inavyoikuza nyumba tuliyolelewa hadi siku tunaporudi na kuikuta ndogo. Nikamwambia hivyo, tena kwa ulimi mkavu kuliko ninavyoandika hapa. Kwa miaka mingi baadaye nilimwambia kila aliyeniuliza kuwa filamu hiyo ni ndefu na inachosha. Ilinigharimu akiba ya mwaka mzima, magombano mawili nyumbani na safari mbili za ukumbini, mojawapo ikiwa ya hasara tupu, kabla sijajua baba alikuwa akizungumzia nini. Na sehemu kubwa ya niliyokuja kuyajua ningeweza kuyapima kwa mkono mtupu.

Nianze na kanda, kwa kuwa huko ndiko nilikopotea kwanza. Televisheni za wakati ule zilikuwa karibu mraba, upana wa nne kwa kimo cha tatu, ilhali picha ya filamu hii ina upana unaozidi mara mbili ya kimo chake: 2.20 kwa 1. Umbo hilo refu haliingii katika kisanduku kile ila kwa njia mbili. Ama unaipunguza picha nzima na kuacha utepe mweusi juu na chini, ama unaijaza skrini na kuzikata pembeni. Kanda yangu ilikuwa ya aina ya pili, na hesabu yake ni rahisi: takriban asilimia 40 ya kila picha haikuwemo. Isitoshe, mtu fulani katika chumba cha uhariri alikuwa amechagua kipande gani kibaki, na pale watu wawili walipozungumza wakiwa pembe mbili tofauti za picha, aliitelezesha picha kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Mimi niliamini kwamba miondoko hiyo ilitoka kwa Lean, nikaiona ya ovyo. Katika filamu ambayo maana ya tukio mara nyingi imo katika utupu mkubwa unaomzunguka mtu mdogo, mimi niliachiwa mtu, utupu ukatupwa.

Zaidi ya hapo, kanda ya video ya VHS kama yangu ilibeba ufafanuzi wa mistari takriban 240 tu. Mpanda ngamia aliye mbali kiasi kile ni mwembamba kuliko chochote ambacho mistari hiyo ingeweza kukichora. Kwa maneno mengine, kidole cha baba kilielekezwa kwenye kitu ambacho kanda haikuwa nacho. Alikijua mahali pake na wakati wake kwa kumbukumbu, nami nikamcheka.

Diski ya DVD, niliyoipata miaka kadhaa baadaye, iliniletea picha nzima yenye tepe nyeusi, na hapo ndipo nilipogundua kwa mara ya kwanza kuwa kulikuwa na watu pembeni ambao sikuwahi kuwaona. Lakini niliitazama kwenye televisheni ileile ya zamani, picha ikawa kama barua iliyosukumwa chini ya mlango, nami nikalala kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Sina mengi ya kusema juu ya hatua hiyo.

Kisha nikanunua televisheni kubwa. Ilikuwa ya inchi 65, yenye pikseli (vijidoa vinavyojenga picha) 3,840 kwa upana, nikaitundika ukutani mkabala na kochi, umbali wa mita nne, kwa sababu kochi lilikuwa hapo tangu zamani na hakuna aliyefikiria kulihamisha. Nilinunua pia kicheza diski na diski ya 4K, yaani yenye ufafanuzi uleule wa televisheni, ya filamu hiyo, iliyotolewa mwaka 2020. Nilikuwa nimesoma kwamba negativu ya milimita 65, mkanda wenyewe uliopita kwenye kamera, ilichanganuliwa upya kwa ufafanuzi wa 8K, maradufu ya 4K kwa upana, katika ukarabati uliokamilika mwaka 2012, nikajua kwamba safari hii hakuna kitakachokosekana. Nilikuwa sahihi kuhusu diski. Kuhusu chumba changu, nilikosea karibu kila jambo.

Usiku wa kwanza nilibonyeza kitufe cha kuchezesha, skrini ikawa nyeusi, muziki ukaanza. Nikangoja. Muziki uliendelea, weusi ukaendelea. Niliinuka nikachomoa kebo na kuichomeka tena, nikaizima mashine, nikaiwasha, nikapata weusi uleule na muziki uleule, nikaanza kutafuta risiti ya dukani. Ilinichukua muda mrefu wa aibu kufahamu kwamba filamu huanza hivyo. Ni utangulizi wa muziki wa Maurice Jarre, zaidi ya dakika nne, uliotungwa ili uchezwe ukumbini watu wakiwa wanaketi na pazia likiwa bado limefungwa. Nilipoelewa, nikachukua rimoti nikauruka. Nilijiona mjanja kwa kuokoa muda.

Picha ilipotokea, mchanga ulikuwa wa rangi ya machungwa iliyoiva kupita kiasi na ngamia walitembea kama wachezaji kwenye matangazo ya mpira, kwa wepesi wa ajabu usio na uzito. Sikujua kwamba kasoro zote mbili zilitoka kiwandani zikiwa zimewashwa. Filamu ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, nayo televisheni ya kisasa huonyesha picha 60 au 120 kwa sekunde. Ili kujaza pengo, kuna kipengele kinachobuni fremu ambazo kamera haikuzipiga na kuzipachika katikati. Kipengele hicho kina manufaa yake katika michezo, lakini katika filamu huondoa ule mwendo ambao jicho letu limezoea kuutambua kuwa ni wa sinema. Wenye kazi yao wamekilalamikia hadharani: mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video ya kuwaomba watazamaji wakizime, na mwaka 2019 muungano wa watengenezaji na studio uitwao UHD Alliance ulitangaza mpangilio wa Filmmaker Mode, ambao hukizima pamoja na mapambo mengine ya rangi. Kama televisheni yako ina mpangilio huo, uuchague. Kama haina, chagua ule wa sinema, kisha ingia kwenye menyu uhakikishe kuwa ulainishaji wa mwendo umezimwa kweli, na kuwa kitambuzi cha kuokoa umeme hakiifishi picha kila unapozima taa. Hapa nina tahadhari iliyonigharimu mwezi mzima wa kushangaa: katika televisheni nyingi kila njia ya kuingizia picha ina mipangilio yake. Nilirekebisha ile ya kicheza diski, nikaiacha ile ya programu za intaneti ilivyokuwa, nikawa naapa kwamba televisheni inabadilika tabia yenyewe.

Hata hivyo mipangilio haikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa la usiku ule lilikuwa rimoti mkononi mwangu. Niliisimamisha filamu ili nipokee simu, nikaisimamisha tena ili nifungue mlango, nikaisimamisha ili nimweleze mwenzangu Peter O'Toole, anayemwigiza Lawrence, ni nani, na tukio la kisimani, lile la mpanda ngamia wa baba, lilipofika nilikuwa nimeinamia simu yangu nikisoma habari za filamu ileile niliyokuwa nikiitazama. Nilipoinua macho, mpanda ngamia alikuwa ameshafika. Nikarudisha nyuma, nikamtafuta, nikaipata nukta; ilionekana mapema kidogo kuliko kwenye kanda. Niliridhika kama mtu aliyeokota ufunguo wake chini ya kochi, basi. Sikusikia chochote kingine moyoni, nikahitimisha kwamba kilichopungua ni sauti, nikaenda kununua spika.

Spika ndizo zilizoleta gombano la kwanza, na sitalisimulia lote. Itoshe kusema kwamba zilikuwa nzuri, zilikuwa ghali, na hazikuisogeza ile nukta hata unywele mmoja.

Safari yangu ya kwanza ya ukumbini ilikuja mwaka uliofuata, filamu iliporudishwa kwa onyesho la kidijitali la usiku mmoja. Nilinunua tiketi ya safu ya mwisho kwa sababu nilizoea kuamini kwamba nyuma ndiko kwenye heshima, mbali na watoto na mbali na kuumwa shingo. Kutoka pale skrini ilikuwa haionekani kubwa kuliko televisheni yangu. Ilikuwa tu mbali zaidi. Taa ya mlango wa dharura ilimwaga mwanga kwenye pembe ya chini ya picha, usiku wote wa jangwani ukawa wa kijivu, spika za upande mmoja zilikuwa zimekufa, na jamaa wa safu ya mbele yangu aliangalia simu yake mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuzifahamu ratiba zake. Nilivumilia zaidi ya saa tatu na nusu nikijisifu kwa ustaarabu wangu. Kesho yake niliandika barua ndefu ya malalamiko, nikajibiwa kwa upole usio na msaada wowote, kwani onyesho lilishapita. Nilichopaswa kufanya ni kuinuka ndani ya dakika kumi za mwanzo, kumtafuta mfanyakazi wa kwanza nitakayemkuta na kumwambia kwa maneno machache kwamba sauti ya upande wa kushoto haitoki. Fundi wa projekta mara nyingi anaendesha skrini kadhaa kwa pamoja na hayumo ukumbini kukusikilizia. Asipoambiwa, hajui.

Nilirudi nyumbani nikitangaza kwamba ukumbi umekufa na televisheni imeshinda. Nilimpigia baba simu nikamwambia hivyo pia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama walifunga pazia. Sikuelewa swali.

Baada ya hapo ilitangazwa nakala ya milimita 70. Kwa asiyezoea vipimo hivi: filamu hii ilipigwa kwenye mkanda wa milimita 65 na kuonyeshwa kwa nakala za milimita 70, ambazo picha yake moja ina upana unaozidi mara mbili ya ile ya mkanda wa kawaida wa milimita 35. Nilisafiri siku nzima kuifuata, nikalala ugenini, na tiketi yenyewe ilikuwa kitu kidogo kabisa katika hesabu ya matumizi; hilo ndilo lililoleta gombano la pili. Lakini safari hii nilikuwa nimejifunza kuuliza kabla ya kulipa. Nilipiga simu nikauliza mambo matatu: kama ni mkanda kweli au faili, skrini ina upana gani, na safu gani iko umbali unaokaribiana na upana huo. Mwanamke aliyepokea alicheka kwa swali la tatu, akaniacha nikisubiri, akarudi na namba ya safu.

Nilifika mapema ukumbini, taa zikiwa bado zinawaka, nikafanya jambo ambalo watazama nyota hulifanya wanapopima anga. Nilinyoosha mkono mbele, nikafumba jicho moja, nikatandaza shubiri. Kwa watu wengi, shubiri iliyotandazwa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyooka, hufunika takriban digrii 20. Pazia lililoficha skrini lilikuwa shubiri mbili na nusu na kitu. Nilirudia mara ya pili nikijua kwamba watu wananiangalia.

Kisha muziki ukaanza, uleule wa Jarre nilioufikiria kuwa ubovu wa kebo, pazia likiwa limefungwa kweli. Taa hazikuzimwa mara moja. Zilipungua polepole kadiri muziki ulivyoendelea, na watu waliokuwa wakizungumza wakajikuta wanazungumza kwa sauti ya chini, kisha hawazungumzi. Zile dakika nne nilizoziruka nyumbani ndizo zilizonitoa barabarani, zikanitoa kwenye hasira za safari na kwenye simu iliyokuwa mfukoni, zikaniketisha. Hapo ndipo swali la baba kuhusu pazia liliponifikia.

Kuna mahali Lawrence anapuliza njiti ya kiberiti na picha inakatika ghafla kwenda kwenye upeo wa jangwa kabla ya jua kuchomoza. Nyumbani nilikuwa nimeurudia mkato huo mara nyingi, nikausifu kwa ujanja wake. Ukumbini nilisahau ujanja. Mbele yangu alikaa mzee mwenye upara, nami niliona utosi wake ukipata rangi kidogo kidogo, kwanza kahawia, kisha wekundu, na vichwa vya safu zote za mbele vikifuata. Jua lile lilikuwa linatuangaza sisi.

Halafu kisima. Lawrence na mwongoza njia wake wanatua kunywa maji katikati ya bapa la ardhi lisilo na jiwe wala mti, lililopigwa picha nchini Jordan, na mpigapicha mkuu Freddie Young alitumia lenzi ndefu, ya kuvuta vilivyo mbali, kuyakusanya mazigazi yote ya upeo ule ndani ya fremu moja. Hakuna muziki. Hakuna kinachotokea. Nukta ilikuwepo. Ilikuwa nyembamba kuliko uzi, imesimama juu ya ardhi pasipo kuigusa, ikikatika na kuungana tena katika mtetemo wa joto, nami nilikuwa na hakika kwamba nimeiona kabla ya wengine, ingawa nadhani kila mmoja ukumbini alikuwa na hakika hiyohiyo. Ilikua kwa mwendo wa ngamia. Sikuweza kuiharakisha wala kuisimamisha. Nilijua anayekuja ni mwigizaji Omar Sharif, nilijua atafyatua risasi na nani atakufa, na bado nilikuwa nimeshika mikono ya kiti. Mamia ya watu hawakukohoa. Nikaelewa "mbali zaidi" ya baba. Hakuwa amesema kwamba picha ilikuwa kubwa zaidi. Alisema kwamba ndani yake mlikuwa na umbali, na kwamba mtu yule alilazimika kuuvuka wote mbele ya macho yake.

Nilitumia njia nzima ya kurudi nikiwaza kwa nini nukta ileile, ambayo bila shaka imo katika diski yangu, haikunifikia nyumbani, na jibu nililopata ni hesabu ya darasani. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Televisheni ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144. Ukiitazama kutoka mita nne inajaza digrii 20 tu za macho yako, yaani shubiri moja, na katika digrii 20 jicho haliwezi kutenganisha zaidi ya vipande 1,200 hivi. Pikseli 3,840 nilizozilipia zilikuwa ukutani zikiwaka bila wa kuziona. Kutoka mita mbili, televisheni ileile inajaza karibu digrii 40, na jicho linaweza kutenganisha takriban vipande 2,400. Kwenye kiti changu cha ukumbini hesabu hiyo ilipita 3,000. Wenye vipimo vya kitaalamu vya sinema hupendekeza digrii 30 kama kiwango cha chini na karibu 40 kwa anayetaka kuzama, kwa hiyo sikuwa nimevumbua lolote. Nilikuwa tu nimenunua mashine ya kupima nyota nikaiweka mbali na jicho.

Nilipomweleza mwenzangu haya yote kwa msisimko, na karatasi yenye hesabu mkononi, alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo umenunua televisheni, umenunua spika, umesafiri siku nzima," alisema, "na kilichokuwa kinatakiwa ni kusogeza kiti."

Tulisogeza kiti. Ni viti viwili, kwa kweli, vinavyoletwa mbele usiku wa filamu na kurudishwa asubuhi, kwa kuwa hakuna anayetaka kuishi mita mbili kutoka kwenye televisheni. Niliishusha pia skrini hadi katikati yake ikawa usawa wa macho. Niliweka pazia zito dirishani na taa ndogo nyuma ya televisheni ili macho yasichoke kwa tofauti ya giza na mwanga. Simu zinakaa chumba kingine, rimoti inakaa juu ya kabati, na tunapumzika pale tu filamu yenyewe inapotoa mapumziko, kwa sababu filamu hii inayo mapumziko yake katikati. Utangulizi wa muziki unachezwa wote, gizani. Kwa mtu anayeanza, ningemwambia afanye haya kwanza, apime shubiri zake kutoka kwenye kiti anachokalia, na asinunue kitu chochote hadi atakapokuwa ameyafanya.

Kuhusu diski na intaneti, sina msimamo mkali kama niliokuwa nao. Kwa filamu nyingi mtiririko wa intaneti unanitosha. Kwa hii hautoshi, na sababu ni mchanga. Diski ya 4K inaweza kusoma hadi megabiti 128 kwa sekunde, ilhali mtiririko wa 4K kwa kawaida huwa takriban 15 hadi 25, na kinachotupwa ili kuubana ni vile vitu vidogovidogo vinavyotikisika ambavyo mashine huvidhania kuwa ni takataka: chembe za mchanga, vumbi, mtetemo wa mazigazi. Kwenye mtiririko, anga la tukio la kisimani linakatika mikanda mikanda kama ngazi, na nukta inayeyuka na kurudi si kwa sababu ya joto la jangwa.

Wala si kweli kwamba ukumbi hushinda katika kila jambo, na wanaosema hivyo nashuku hawajatazama matukio ya usiku kwa makini. Skrini ya ukumbini hurudisha mwanga wa takriban kandela 48 kwa mita ya mraba, na weusi wake haupiti ule wa chumba chenye taa za milango. Televisheni nzuri ya siku hizi katika chumba chenye giza ina weusi ulio mweusi kweli na nyota zinazong'aa mara nyingi zaidi ya hapo. Mazungumzo ya mahemani, ambayo ni marefu na yenye siasa nyingi, niliyaelewa nyumbani, kwa msaada wa maandishi ya chini na kwa kuyarudia. Nakala ya mkanda ilikuwa na mikwaruzo, na mara moja picha ilitikisika kiasi cha kunirudisha kitini. Kama ningelazimika kuchagua mara ya kwanza ya mtu, ningemwambia aende ukumbini, akae palipo na shubiri mbili au zaidi, na kama onyesho zuri haliko karibu naye, asingoje miaka kama nilivyongoja mimi. Akae karibu na televisheni yake azime taa.

Nilimpigia baba simu usiku uleule niliotoka kwenye nakala ya milimita 70, nikiwa bado barabarani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi kwa yale niliyoyasema siku ya kanda. Hakunipa nafasi. "Ulikaa safu ya ngapi?" aliuliza. Nikamtajia. "Mbele kidogo ya hapo," alisema, "ndipo penyewe."

Magoti yake hayamruhusu tena kusafiri siku nzima, lakini alikuja kwetu baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaketi kwenye kimoja cha viti viwili, umbali wa mita mbili. Nilizima taa, muziki ukacheza kwenye weusi kwa dakika zote nne, naye akakunja mikono kifuani akangoja. Kisima kilipofika hakuinuka kwenda kuonyesha kwa kidole. Aliinamisha kichwa mbele, macho yameganda palepale alipoweka kidole miaka ile, nami nikalitazama eneo hilo pamoja naye. Wakati wa mapumziko aliomba maji, kisha akaniomba kiti chake kisogezwe mbele hatua moja zaidi.